Wanja wa Bibi

Nimeikuta leo, tukihamisha vitu Maabela,
ndani ya bati la biskuti lenye sindano na vifungo:
diski ya kunakili, jina kwa kalamu ya wino mzito,
mwandiko wa Mathai, mwenye duka la picha Ruwi,
aliyekuwa hajui anachouza ila bei yake:
moja kwa riyali, tatu kwa riyali mbili.

Nilikuwa na miaka kumi na sita
na huzuni ya kuazima.
Mvulana wa mbali, wa mji wenye theluji,
alipasua koo kwamba anauchukia mtaa wao,
ukimya wake, nyasi zake, baba yake wa kambo,
nami nikamwitikia kutoka Al-Khuwair,
ambako nyasi ni za manispaa na hunyweshwa kwa bomba,
na baba yangu, masikini, hakuwa na kosa
ila kurudi kazini saa nane na kulala.

Sweta jeusi lenye kofia.
Digrii arobaini na sita.
Muhanna alikuwa na suruali ya kubana,
akaivaa hata chini ya kanzu, Ijumaa,
akawa anasujudu kwa hesabu.
Tulijibanza nyuma ya duka la dobi,
kiyoyozi kikitudondoshea maji shingoni,
waya mmoja, sikio lake na langu,
tukalia bila machozi;
jasho lilikwisha ifanya kazi hiyo.

Siku moja nikaiba wanja wa bibi.
Akanifuma kiooni.
Nikangoja kofi.
Akanishika kidevu:
"Unapaka kama mtu anayepaka geti. Fumba. Usitikisike."
Akanichora, jicho la kulia, la kushoto,
mkono haukutetemeka hata chembe.
"Wanja suna, babu yako akipaka.
Lakini hili shungi la kufunika jicho ndiyo nini?
Jicho moja umelinyima nini?"

Kisha akataka kusikia.
Nikamtia spika sikioni, juu ya ushungi.
Akasikiliza mpaka mwisho, tasbihi imesimama.
"Analia nini huyu?"
Kaachwa, bibi. Na mji wao haumtaki.
"Basi si taarabu hiyo? Ila hana adabu.
Angewekewa fidla pembeni, angetulia."
Halafu, polepole, kama anayeonja chumvi ya mchuzi:
"Mji haumtaki."
Akanirudishia waya wangu, akaenda kugeuza vitumbua.

Sikuelewa. Nilidhani amechoka na makelele.
Alikuja huku kutoka Unguja na bati hili hili la biskuti,
mwaka ambao nyumbani kwetu hautajwi kwa nambari,
husemwa tu "ule mwaka".
Mimi nilivuka bahari mbili kuazima huzuni ya mtu
na ya kwetu ilikuwa jikoni,
inanukia iliki.

Diski nyingine zilichukuliwa na Gonu,
pamoja na zulia, friji, na gari la jirani.
Hii ilisalimikaje? Nani aliitia humu,
katikati ya vifungo vya watu waliokwisha kufa?
Nauliza, na jibu ninalo.

Nimempelekea Muhanna picha. Yuko Sohar, bandarini,
watoto wanne, kichwani hakuna hata unywele wa kufunikia jicho.
Hakuandika neno.
Amenitumia sauti yake tu, sekunde kumi na moja,
anapiga ukelele wa kiitikio,
kikohozi kikamkatia njiani,
na nyuma yake mwanamke anasema, Una nini wewe?

Gari langu halina pa kuitia.
Nimeiweka juu ya dashibodi, njia ya mjini,
na kabla ya kufika Ghubra jua limeipinda
kama ukoko wa sufuriani.
Basi nikaimba mwenyewe, vioo vimefungwa.
Maneno yote nayajua.
Nusu yake, kumbe, niliyasikia vibaya tangu siku ile,
na ndiyo niliyoyapenda.